Kantangaze na mvua ya mavuno: jinsi nilivyookoa nyanya zangu
Matatizo yalikuja mawili kwa mpigo. Kantangaze, nondo wadogo wanaoshambulia nyanya, walitoboa majani, kisha mvua ikaanza matunda yalipokaribia kuiva, yakapasuka karibu na kikonyo na kuota ukungu wa kijivu.

Kantangaze ni msumbufu kwa sababu kiwavi wake huishi ndani ya jani, ambako dawa ya kugusa haimfikii. Kila jani lenye mchirizi mweupe nililichuma, nikalifunga kwenye mfuko wa plastiki na kuuacha juani. Kisha nikapulizia dawa ya bakteria, Bacillus thuringiensis, jioni, maana mwanga wa jua huiharibu haraka. Na kiwavi hafi mpaka aile. Mtego wa harufu ya jike niliuweka pia, ila hunasa madume tu. Mimi nautumia kujua lini wameongezeka, si kuwamaliza.

Mvua ndiyo iliyonisumbua zaidi. Nilipunguza majani ya chini na machipukizi ya pembeni ili upepo upite, nikatandaza nyasi kavu udongo usirukie matunda. Lakini kilichookoa mavuno hasa ni kutosubiri wekundu. Nyanya ikianza tu kubadilika rangi kitakoni, nachuma. Huivia ndani, kwenye nyuzijoto 18 hadi 21 hivi, wala haihitaji jua, na haipasuki kwa sababu haipokei tena maji kutoka kwenye mizizi. Ladha hupungua kidogo, sibishi. Zilizolowa nazifuta kwanza, na yenye kidonda hailali na nzima.