Mbwa wa jirani hawanyamazi? Anza na geti lake kabla ya serikali ya mtaa

Goba, Madale, Mbezi, Kibaha, popote viwanja vilipokatwa na kila mtu akajizungushia ukuta, mambo ni yaleyale. Mbwa wawili watatu, banda limeegemezwa kwenye ukuta wa mpaka, na upande wa pili, mita nne tu, ndiko kuna dirisha la chumba chako. Mchana wamefungiwa, saa mbili usiku wanaachiwa. Mwenye mbwa anasema wanalinda. Asiyelala anasema ni kero. Wote wana haki, ndiyo maana wakikutana getini hawaelewani.

Mbwa habweki bure. Kuna anachokiona, anachokisikia au anachokikosa, na kazi yako ya kwanza ni kukijua hicho. Chukua daftari, andika kwa wiki nzima: saa aliyoanza, dakika alizobweka, kilichokuwa kinapita, na mlio ulikuwaje. Mlio ndio unaosema zaidi. Mlio mzito wa harakaharaka, mitatu minne halafu kimya kidogo, ni mtu au mnyama anayepita. Mlio mmojammoja unaolingana, uleule kwa nusu saa, ni mbwa mpweke aliyechoka kufungiwa. Mlio wa juu unaoishia kama kilio ni wa shida: kiu, njaa, mnyororo umejizungusha kwenye nguzo. Ule mrefu wa kuvuta ni kujibizana na mbwa wengine au king'ora. Huo huisha wenyewe, usiuhangaikie.

Daftari likionyesha kila siku saa kumi na moja alfajiri, dakika kumi na tano, basi ni wapita njia wa asubuhi: bodaboda, watu wa msikitini, wanaowahi daladala. Likionyesha saa tatu asubuhi hadi saa kumi jioni, mwenye nyumba yuko kazini na hajawahi kusikia hata mara moja, kwa sababu honi ya gari lake ndiyo inayowanyamazisha. Huyo ukimwambia mbwa wake wanapiga kelele mchana kutwa ataona unamsingizia. Kwa hiyo rekodi kwa simu, dakika mbili tatu, ukiwa chumbani na dirisha likiwa kama unavyolala, na mwanzoni taja tarehe na saa. Programu za simu za kupima desibeli zinakupa makadirio tu, usizibebe kama ushahidi.

Sasa geti. Kesi nyingi za usiku zinaanzia hapo. Geti la nondo zenye uwazi, au la shiti lililoachwa na nafasi ya sentimita ishirini chini, linamwonyesha mbwa miguu ya kila anayepita. Anabweka, miguu inaondoka. Ingeondoka tu, mtu alikuwa na safari zake, lakini mbwa anahesabu kwamba yeye ndiye aliyemfukuza. Kesho anaanza mapema zaidi na kwa nguvu zaidi. Dawa yake ni kuziba macho: fundi wa kuchomelea aweke shiti upande wa ndani kutoka chini hadi usawa wa kifua cha mtu, abakize sentimita tatu hadi tano za kupitisha maji ya mvua. Hela ikiwa ndogo, turubai zito linatosha kwa kuanzia, ila lifungwe kwa waya kwenye kila pembe na katikati. Likipepea kwa upepo, lenyewe litakuwa sababu mpya ya kubweka. Na asiachiwe tundu moja la kuchungulia. Mbwa wote watagombea tundu hilo, na mtakuwa na fujo kuliko mwanzo.

Ua la michongoma nalo linaziba macho vizuri, ila halizuii sauti. Watu wanapanda mstari mmoja wa miti ukutani wakidhani watapata ukimya; sauti inapita kwenye majani kama hayapo.

Banda likiwa kwenye ukuta wa mpaka, lihamishwe. Uwanjani sauti hupungua takriban desibeli sita kila umbali unapoongezeka maradufu. Kutoka mita nne hadi kumi na sita ni desibeli kumi na mbili, na sikio la binadamu husikia punguzo la desibeli kumi kama sauti imekatwa nusu. Hakuna kingine cha bei hiyo kitakachokupa nafuu kama hiyo. Mlango wa banda uelekee nyumba ya mwenyewe. Sauti itakwenda kwake kwanza, na atajua mwenyewe mbwa wanafanya nini. Paa liwe na kivuli, maana chini ya bati tupu saa saba mchana hakuna mbwa anayetulia.

Halafu ratiba. Mbwa aliyelala bandani kwa muda wa saa kumi na mbili anatoka na nguvu zote za siku, na wewe ndio unaingia kitandani. Akitembezwa nusu saa kabla ya kuachiwa, akala mara mbili kwa siku badala ya mlo mmoja, na maji yakawepo usiku, utasikia tofauti. Kupe na viroboto waangaliwe pia, anayewashwa halali. Jike akiwa kwenye joto, kama wiki tatu hivi na mara nyingi mara mbili kwa mwaka, madume ya mtaa mzima yatakesha nje ya geti, na kumfunga kizazi kunamaliza hilo. Lakini kuhasi dume hakumwondolei ubwekaji wa ulinzi, hata kama aliyekuuzia wazo hilo ni mtu wa dawa za mifugo.

Mafunzo ya kunyamaza yanafanywa na mwenye mbwa au mlinzi wake, si wewe. Mbwa akibweka mara tatu, anasogezewa puani kipande kidogo cha nyama au dagaa, anaambiwa "kimya" kwa sauti ya kawaida. Atanusa, na kunusa na kubweka haviendi pamoja. Akikaa kimya sekunde mbili, apewe. Kisha tano, kumi, thelathini. Dakika tano, mara mbili kwa siku. Yanapoharibika ni kwa sababu zilezile: anapewa nyama akiwa bado anabweka, kwa hiyo amelipwa kwa kelele, au baba anafundisha jioni na mlinzi anatupa mawe usiku, au mtu anamfokea, na kwa mbwa kufoka ni mwenzake amejiunga kubweka. Ikiwa alikuwa anabweka ili aachiwe, mkiacha kumtii kelele zitazidi siku chache za mwanzo kabla hazijashuka. Wengi wanakata tamaa hapo hapo, na mbwa anajifunza kwamba kinachotakiwa ni kubweka zaidi.

Kuongea na jirani kuwe Jumamosi asubuhi au jioni mapema, kamwe si usiku ule ule ukiwa na hasira na kanga begani. Nenda peke yako. "Jirani, habari za nyumbani? Naona mbwa wanahangaika kila alfajiri, nahisi wanaona watu chini ya geti." Mwonyeshe daftari, mchezeshee rekodi moja, omba kitu kimoja tu: geti lizibwe, au waachiwe saa nne badala ya saa mbili. Ukiomba mambo matano hatafanya hata moja. Kama ni mzee, shikamoo itangulie. Kama anayewahudumia mbwa ni kijana wa kazi na mwenye nyumba yuko safarini, zungumza na kijana kwa heshima lakini tafuta namba ya bosi. Kijana hana hela ya shiti. Kama ni mpangaji, geti ni la mwenye nyumba wake. Kuchangia gharama ya turubai si udhaifu, mara nyingi ndiyo njia fupi kuliko zote.

Usirushe nyama ukutani kuwatuliza. Wezi ndivyo wanavyolewesha mbwa, na siku mmoja akifa, hata kwa ugonjwa wake, wewe ndiye wa kwanza kutajwa. Sumu ni kosa la jinai, na inaua paka na kunguru, ikaokotwa na mtoto. Vifaa vya sauti isiyosikika kwa binadamu visikusumbue: havipenyi ukuta wa tofali, na mbwa wengine wanavizoea.

Ukiwa unasubiri, tazama dirisha lako. Ukuta wa tofali uliopigwa plasta unazuia sauti vya kutosha. Inayoingia inapita dirishani. Vioo vya luva havizibi kabisa. Aluminiamu ya kusukuma ina nyufa pembeni, fundi abadilishe brashi na mipira iliyochakaa. Feni ya kusimama karibu na kichwa inafunika mlio wa mbali. Vizibo vya masikio vya povu vinafaa vikivaliwa sawasawa: visokote viwe vyembamba, vuta sikio juu na nyuma, ingiza, shikilia nusu dakika. Anayesema havifanyi kazi mara nyingi kavichomeka mlangoni mwa sikio tu.

Mazungumzo yakishindikana mara mbili, anza na mjumbe, kisha mwenyekiti na mtendaji wa mtaa, halafu kata, ambako kuna afisa afya na afisa mifugo. Afisa mifugo ana mlango mzuri wa kuingilia: chanjo ya kichaa cha mbwa ya kila mwaka, na Sheria ya Ustawi wa Wanyama ya Tanzania ya 2008 kwa mbwa wanaofungwa bila maji wala kivuli. NEMC, taasisi ya taifa ya mazingira, inasimamia kanuni za kelele na mitetemo za 2015, ingawa utawakuta zaidi wakihangaika na baa na kumbi. Kanuni ya Adhabu, kifungu cha 170, inazungumzia kero kwa umma, kwa hiyo malalamiko ya nyumba moja ni mepesi. Nyumba tatu nne zikisaini, uzito ni mwingine. Kwa walio Kenya, kanuni za kelele za 2009 zinaweka desibeli 35 nje ya nyumba za makazi kuanzia saa mbili usiku hadi saa kumi na mbili asubuhi, lakini ni wastani wa usiku mzima, kwa hiyo mlio wa dakika tatu peke yake hautoshi.

Barua iwe ukurasa mmoja, daftari liambatishwe, na uwe na nakala mbili. Moja igongwe muhuri wa kupokelewa, urudi nayo nyumbani.