Nusu ya Sahani

Baba alikuwa fundi wa nakshi, Lamu. Kiharusi kilimpata mwaka 2014. Mkono wa kushoto ulilegea, ila maneno yake yalibaki yale yale, na sote tulimshukuru Mungu.

Siku ya nne tangu arudi nyumbani nilimwekea wali wa nazi na changu wa kukaanga. Alikula, akanawa, kisha akasema, "Leo umenipa kidogo, mwanangu." Nikatazama sahani. Kuliani hapakubaki hata punje. Kushotoni wali ulikuwa haujaguswa, na samaki amekatika katikati kama aliyepimwa kwa rula. Nilimjibu kwa ukali, jambo linaloniuma hadi leo: "Baba, chakula si hicho hapo!" Mama hakusema kitu, aliizungusha sahani tu. Baba akala chote.

Jirani mmoja alisema ni jini. Daktari alimpa Baba karatasi achore saa, naye akazisonga tarakimu zote 12 nusu ya kulia. "Macho yake ni mazima," daktari alituambia. "Ubongo ndio ulioumia, upande wa kulia, juu kwa nyuma. Hapo ndipo panapomwezesha mtu kuujali upande wake wa kushoto. Yeye mwenyewe hahisi kuwa kuna kitu kimepungua."

Usiku nilisoma kwenye simu kuhusu watafiti Bisiach na Luzzatti, ambao mwaka 1978 waliwaomba wagonjwa wawili wa aina hii wa Milano, Italia, waeleze kwa kukumbuka tu uwanja ulio mbele ya kanisa kuu la mji wao. Kulipokucha nilimfanyia Baba vivyo hivyo.

"Baba, uko kwenye mashua, unatoka kisiwa cha Manda, mji uko mbele yako. Waona nini?"

Akafumba macho. Akataja makumbusho, akazitaja nyumba za Mkomani, mtaa wa upande wa kulia, moja baada ya moja, hadi hospitali ya punda. Langoni, mtaa wa upande wa kushoto, hakuitaja kabisa.

"Haya, sasa umesimama gatini, bahari iko mbele, mji umeupa mgongo."

Langoni ikarudi, na maduka yake, na njia ya kwenda Shela. Mkomani ikatoweka, pamoja na milango yote aliyoichonga kwa mikono yake.

Nilijikaza nisilie. "Na nyumba yetu, Baba?"

Akanitazama kwa huruma, kana kwamba mgonjwa ni mimi. "Umesahau nyumba yetu, mwanangu? Si iko Mkomani?"