Kulewa Nchi Kavu

Huanza na mate. Kabla kichwa hakijazunguka, kabla tumbo halijasema lake, mate membamba yananijaa chini ya ulimi na kijasho cha baridi kinanitoka shingoni. Yeyote aliyewahi kuvuka bahari kwenda Msangamkuu siku ya kusi kali anayajua mate hayo. Mimi nayapata nikiwa nimekaa kwenye stuli ya plastiki, ndani ya kibanda changu cha uwakala wa pesa za simu hapa Magomeni, Mtwara, feni inapuliza na miguu yote miwili iko sakafuni.

Nimechelewa kuandika habari hii kwa sababu ya aibu. Mtu mzima, mama wa watoto wawili, unaanzaje kuwaambia watu kwamba simu inakulevya?

Mpaka mwaka jana nilikuwa nafanya kazi kwa kitochi. Nyota, namba, reli, menyu inakuja, nachagua moja au mbili, naingiza namba ya siri, ujumbe unaingia, naandika kwenye daftari, mteja anasaini, kwaheri. Maandishi yalikuwa yanatokea pale yalipo na kupotelea pale pale. Kisha nikanunua simu janja, ya kioo kipana, kwa kuwa kuna programu mpya ya mawakala inayoonyesha floti, yaani salio la kazi, na kamisheni sehemu moja, na kwa kuwa, niseme ukweli, wenzangu wote walikuwa nazo na mimi nilichoka kuchekwa.

Nieleze inavyokuwa, maana hapa ndipo watu huniangalia kama nimechanganyikiwa. Nikigusa aikoni, haifunguki tu. Inavimba. Inanijia usoni kama andazi linaloumuka kwenye mafuta mpaka inajaza kioo kizima. Nikirudi nyuma inasinyaa, inazama kule ilikotoka, na ile picha iliyo nyuma yake inasogea kidogo upande wa pili, kidogo tu, kama sakafu ya mashua inapoinama. Nikivuta orodha ya miamala mpaka mwisho, maandishi yananyumbuka kama unga wa chapati kisha yanajirudi. (Hilo la kunyumbuka lilikuja na toleo la 12 la Android, mfumo unaoendesha simu yangu, mwaka 2021. Kuna mtu aliona kwamba mwisho wa ukurasa hautoshi kuwa mwisho, lazima uvutike.)

Moja moja havina neno. Lakini ngoja Oktoba ifike, minada ya korosho ianze, pesa za wakulima ziingie. Foleni inatoka mlangoni kwangu inafika kwa kaka wa mihogo ya kukaanga. Nafungua, nafunga, narudi, navuta, nafungua tena. Kufikia saa nne asubuhi andazi limeshaniumukia usoni mara nisizoweza kuhesabu, na mimi nimeshika meza kwa mkono mmoja kama mtu aliye kwenye chombo.

Siku ya kwanza nilipotoka mbio kwenda kutapika nyuma ya kibanda, jirani yangu wa vitenge alicheka mpaka akakaa chini. "Hongera, shoga!" Wiki nzima nikabeba mimba ya mtaa. Mama mkwe alinipigia kutoka Mikindani akaniulizia hali kwa sauti laini ambayo tangu nimeolewa sijaisikia, na kesho yake bodaboda akashusha mfuko wa maembe mabichi. Nilikula maembe yake, kwa chumvi na pilipili, sikukataa. Kisha nikaenda kupima. Mimba hamna, malaria hamna, presha nzuri, damu inatosha. Mganga akaniuliza kama nakula vizuri. Nilitaka kumwambia habari ya simu, nikageuka nikaona benchi lilivyojaa watoto wenye homa, nikameza maneno yangu.

Aliyenielewa ni mjomba, na yeye mpaka leo anatumia simu ya tochi. Mjomba ameishi baharini kuliko alivyoishi nyumbani. Nilimsimulia yote nikisubiri kicheko, hakucheka. Aliuliza swali moja.

"Ukitazama mbali, inatulia?"

Nikafikiri. Nikasema ndiyo, nikiutazama mnazi ulio ng'ambo ya barabara inatulia.

"Basi mwanangu umelewa tu. Hakuna ugonjwa hapo."

Nilijisikia kama nimetuliwa mzigo. Kwetu pwani neno hilo halina aibu. Mtu analewa bahari, analewa chombo. Hata nahodha mwenye mvi analewa siku ya mawimbi ya ubavuni, na hakuna anayemwambia ni deko. Mjomba mwenyewe ndiye aliyenifundisha, nikiwa mdogo kwenye mashua yake, kwamba nisitazame maji ya karibu wala nisitazame ndani ya chombo, nitazame nchi kavu, hata kama ni uzi mwembamba wa mikoko kule mbali. Nilidhani ni namna ya kumnyamazisha mtoto anayelia.

Sasa nimesoma, na naona mjomba alikuwa anatibu sikio. Ndani kabisa ya sikio, ng'ambo ya ngoma yake, kuna mifereji mitatu midogo iliyopinda kama pete, kila mmoja umeelekea upande wake, imejaa majimaji. Ukigeuza kichwa majimaji yanachelewa kidogo, vinywele vilivyomo vinainama, ubongo unajua umegeuka. Pembeni yake viko vifuko viwili vyenye chembe za chokaa. Hivyo ndivyo vinavyojua kupanda, kushuka na kuchomoka ghafla. Mashuani, masikio yanapiga kelele kwamba tunakwenda, huku macho yaliyokodolea ubao wa chini yanasema tumetulia. Ukiinua uso ukaiona nchi kavu, macho nayo yanauona mwendo, ushahidi unalingana. Mimi kibandani kwangu kesi imegeuzwa: macho yanasema tunakwenda, masikio yanasema huyu mwanamke amekaa kwenye stuli. Ugomvi ni ule ule, na anayelipa faini ni tumbo.

Kwa nini tumbo? Mwaka 1977 mtafiti mmoja, Michel Treisman, alitoa wazo ambalo limenifurahisha sana. Alisema zamani, kabla binadamu hajapanda kitu chochote, macho na masikio yakipishana kauli namna hiyo ilimaanisha mtu amekula sumu. Basi ubongo haupotezi muda kuuliza, unaamuru kilicholiwa kitoke. Si wote wanaokubaliana naye, lakini mimi nimemkubali kwa sababu ya jinsi mambo yalivyokaa kwangu: mama mkwe alidhani nina mimba, mganga alidhani sili, ubongo wangu mwenyewe ulidhani nimelishwa sumu. Hakuna hata mmoja aliyeishuku simu.

Ulevi huu sikuuanza jana. Kabla daraja la Mkapa halijafunguliwa mwaka 2003, kwenda Dar ilikuwa safari ya kulala njiani, Ndundu, magari yamejipanga yanasubiri pantoni la Rufiji, na mimi ndiye mtoto aliyeshikiwa mfuko wa plastiki mdomoni tangu Mnazi Mmoja ya Lindi. Mama alikuwa ananinusisha ndimu. Yeye ana kipandauso, nami nimekirithi, na wenye kipandauso ndio wepesi wa kulewa kuliko wengine. Kwa hiyo simu haikuniletea kitu kipya. Ilinikuta niko tayari.

Dawa nilipewa na mtu ambaye hakujua kama anatoa dawa. Nilimpelekea simu kijana mmoja fundi hapa mtaani, nikiamini kioo kina kasoro. Akaigeuzageuza. "Dada, kioo kizima hiki. Ila kama unaiona nzito nikuwekee iwe nyepesi." Akaingia kwenye Mipangilio, akashuka mpaka chini kwenye habari za simu, akaitafuta namba ya muundo, akaanza kuigonga kwa kidole kama mtu anayebisha hodi: mara saba. Simu ikatangaza kwamba sasa mimi ni msanidi programu. Mimi, mwenye daftari la kutoa na kuweka! Baada ya hapo ukafunguka ukurasa uliokuwa umefichwa, na humo mna vipimo vitatu vya uhuishaji, yaani huko kuvimba na kuteleza kwote. Akavizima vyote.

Kijana alikuwa anaujua huo kama ujanja wa biashara: simu kuukuu ukiipunguzia mbwembwe, mnunuzi anaiona ina kasi. Alinitoza elfu mbili. Nilipogusa aikoni na ukurasa ukatokea papo hapo, bila kuvimba, bila kunikimbilia, mabega yangu yalishuka. Nikafungua nikafunga mara kumi pale pale kwenye benchi lake. Akaniuliza, "Dada, vipi, kuna tatizo?" maana machozi yalikuwa yananilengalenga.

Baadaye, nikiwa nimegeuza lugha ya simu kuwa Kiswahili, niligundua kwamba hata ile safari ya kugonga mara saba haikuwa na lazima. Kwenye Ufikivu pana swichi moja ya kuondoa uhuishaji. Moja tu. Lakini iko huko ndani, pamoja na vya wasioona vizuri na wasiosikia vizuri, mahali ambapo mtu kama mimi hawezi kwenda kuchungulia kwa sababu hajioni kuwa ana upungufu wowote. Nani angeniambia?

Neno lenyewe limenikaa kichwani, uhuishaji. Kuhuisha ni kutia uhai. Yaani kuna mtu, ofisini kwake huko mbali, alikitazama kitufe kilichotulia akaona kimekufa, akaamua kukitia roho. Na hapo ndipo hasira yangu ilipo, kama ni hasira. Bahari siilaumu, wimbi ni wimbi. Barabara ina mashimo yake na dereva ana haraka yake. Lakini hili wimbi la kwenye kioo limekaliwa kikao. Limepimwa, limekatwa muda wake kwa vipande vya sekunde, likapakwa rangi. Wanasema linamsaidia mtumiaji kujua ukurasa umetoka wapi na umekwenda wapi. Sawa, kidogo nakubali. Kusogea kidogo kunaonyesha njia, kunirukia usoni hakunionyeshi kitu.

Wala si jambo lililojificha. Septemba 2013 Apple walipotoa iOS 7, mfumo wa iPhone wenye aikoni zinazoelea juu ya picha na kurasa zinazokuja kwa kukuvamia, watu walilalamika wazi kwamba wanaona kizunguzungu na kichefuchefu, na Oktoba hiyo hiyo likatoka rekebisho la kuwawezesha kuzima. Mwezi mmoja! Mimi wakati huo nilikuwa na kitochi changu, sina habari kwamba kuna watu huko wanatapika kwa niaba yangu. Na tangu 2017 vivinjari vilianza kuweza kuuambia ukurasa wa tovuti kwamba mwenye simu hii hapendi vitu vinavyotembea. Ukurasa unaambiwa, lakini anayeamua kusikia ni aliyeutengeneza.

Programu yangu ya mawakala haisikii. Simu nzima imetulia, yeye bado anateleza. Kadi zinaingia kutoka kulia zikisukumana, na muamala ukikamilika inarusha vikaratasi vya rangi kioo kizima kama tuko harusini. Juzi mzee mmoja kaja kutoa elfu ishirini za dawa ya mkewe, sauti imemkauka, simu inamshangilia. Nilifunika kioo kwa kiganja, nusu kwa ajili ya macho yangu, nusu kwa ajili yake. Nimewapigia simu wahusika mara mbili. Dada wa huduma alikuwa na adabu sana, akaniuliza kama nimejaribu kuizima na kuiwasha.

Kwa hiyo foleni ikiwa ndefu nimerudi kwenye nyota na reli, kwenye simu hii hii ya bei mbaya. Jirani wa vitenge anaona ni ushamba. Amesahau mimba aliyonipa, sasa anasema mimi ni mtu wa kudeka. Nimeacha kumweleza. Nikiona mate yanaanza, naiweka simu chini, nautafuta mnazi.

Jana jioni binti yangu wa darasa la sita aliomba simu apige picha ya kazi ya shule. Akagusa kamera, ikafunguka hapo hapo. Akarudi, ikafunga hapo hapo. Akajaribu tena, akaisogeza karibu na jicho, akaitikisa kidogo karibu na sikio.

"Mama, simu yako mbona kama imekufa?"

Nikamwambia aiache hivyo hivyo. Akanirudishia kwa mikono miwili.