Tatizo si bando letu

Mimi ni fundi simu, meza yangu iko Makoroboi hapa Mwanza. Jioni nikishafunga kazi nacheza mpira wa mtandaoni na vijana wenzangu wa Mabatini. Gemu yenyewe siitaji jina. Nataka kuzungumzia kasoro moja ndani yake ambayo kila toleo jipya linaikuta na kuiacha.

Iko hivi: uko katikati ya mechi, simu inaita. Upokee usipokee, ukirudi kwenye gemu kioo ni cheusi. Sauti inaendelea. Unamsikia mtangazaji akipaza sauti kwa magoli unayofungwa, na wewe huoni mpira wala mchezaji. Mwisho wa mechi unahesabiwa umekimbia, pointi zinakatwa, unashuka daraja. Na mimi simu siwezi kuizuia isiite, maana wateja wangu wanapiga humo humo.

Ukiwaandikia wenye gemu, jibu halibadiliki: angalia mtandao wako, futa gemu, pakua upya. Kupakua upya kunakula zaidi ya GB 1. Mwenzetu mmoja anabeba magunia ya dagaa pale Mwaloni, bando lake analipata kwa jasho. Alifuata maelekezo yote. Shangazi yake alipopiga kutoka Sengerema, kioo cheusi tena. Hilo ndilo linaloniuma kuliko pointi.

Sasa, kama mtandao ungekuwa umekatika, yule mtangazaji angejuaje kwamba nimefungwa? Habari ya goli imetoka kwenye seva, yaani kompyuta kuu ya wenye gemu, ikafika kwenye simu yangu. Tumebadilisha laini, tumetumia Wi-Fi, tumejaribu Tecno, Infinix na Samsung. Kote ni yale yale. Kinachoshindwa kurudi ni picha, na picha ni kazi ya programu yao.

Wanaodhani mchezaji hajui kitu wakumbuke GTA Online, gemu ya mtandaoni ya kampuni ya Rockstar. Toleo lake la kompyuta lilitoka 2015, na kwa miaka watu walikaa dakika kadhaa wakisubiri lifunguke. Wengi waliamini kompyuta zao ndizo dhaifu. Mwaka 2021 mchezaji mmoja anayejiita t0st, ambaye hakuwa na msimbo wa Rockstar, yaani maandishi ya ndani ya programu yao, mkononi, alichimba mwenyewe akaona kiini. Kulikuwa na faili la MB 10 lenye vitu kama 63,000, na programu ilikuwa ikipima urefu wa maandishi yaliyobaki kila inaposoma kipande kimoja. Halafu kila kitu kipya ililinganisha na vyote vilivyotangulia. Kwake kusubiri kulishuka kutoka dakika 6 hadi chini ya 2. Rockstar walikubali, wakatoa marekebisho Machi mwaka huo huo na kumlipa dola 10,000. Nawapongeza kwa hilo, lakini miaka yote ile ilikuwa imeshapita.

Kwenye gemu yetu, duka la ndani liligoma kupokea malipo hivi karibuni. Lilikuwa limetengemaa kabla hapajakucha. Kwa hiyo mafundi wanao, na uwezo wanao.

Mteja akiniletea simu namwambia ukweli: kioo kimekufa, kipuri kinatoka Dar, subiri. Anaweza kununa, lakini anajua simu yake ina nini. Nao wenye gemu waseme tu kwamba kasoro hii wanaijua na iko kwenye orodha, na waache kumkata pointi mtu ambaye hakukimbia.

Tumeanza kurekodi vioo vyetu ili tutume ushahidi wa pamoja. Kama nawe imekupata, iwe uko Igoma, Musoma au Bukoba, niandikie hapo chini aina ya simu yako, toleo la Android, na kama ulipokea simu au uliiacha iite. Mkirekodi, acheni sauti iwe wazi, ili mtangazaji asikike.