Nilivyofanikiwa kufanya programu zinazojijali zenyewe zishirikiane

Wadau, kama unataka kuchunguza kwa kompyuta kwa nini watu ambao kila mmoja anaangalia faida yake bado wanashirikiana, nieleze nilivyofanya mimi, maana huhitaji mashine ya bei kubwa. Sharti langu lilikuwa moja tu, sitaingiza huruma yoyote kwenye programu, kila ajenti (yaani programu inayojiamulia yenyewe) anatafuta pointi zake basi, mwenzake akikosa shauri yake.

Nilitumia mtanziko wa wafungwa, mchezo wa wawili ambapo kila mmoja anachagua kushirikiana au kusaliti bila kujua mwenzake amechagua nini. Wawili wakishirikiana kila mmoja anapata 3, wakisalitiana kila mmoja 1, mmoja akisaliti wakati mwenzie anashirikiana msaliti anaondoka na 5 na mwenzie anabaki na 0. Mkicheza mara moja kusaliti ndo kunalipa, hakuna ujanja hapo. Ila mkirudia na mtu yuleyule mambo yanabadilika, Robert Axelrod wa Marekani alilionyesha hilo kwenye mashindano yake ya programu, matokeo akayatoa 1980, na iliyoshinda ilikuwa fupi kabisa, ya Anatol Rapoport, jino kwa jino: anza kwa kushirikiana, afu fanya alichofanya mwenzako raundi iliyopita.

Sasa zile ziliandikwa na watu, mimi nilitaka zijifunze zenyewe. Nikachukua njia ya jedwali la Q aliyoitoa Chris Watkins 1989, ambapo ajenti anaandika kila kitendo kinamlipa kiasi gani katika kila hali na kusahihisha kadiri anavyocheza, nikaiandika kwa lugha ya kompyuta ya Python. Ajenti anakumbuka raundi moja tu ya nyuma, kwa hiyo jedwali lina mistari mitano (hali nne za raundi iliyopita na ule mwanzo) na safu mbili, kushirikiana au kusaliti. Laptopu ya kawaida inatosha kabisa.

Kitu kilichonifungua macho ni gama, ile namba kati ya 0 na 1 inayosema ajenti anajali kesho kiasi gani. Nikamweka acheze na jino kwa jino. Gama ikiwa 0.1 anasaliti mwanzo mwisho. Ikiwa 0.5 anafanya kitu ambacho sikukitegemea, anasaliti anakula 5, raundi inayofuata anashirikiana anakubali 0 ili asamehewe, afu anasaliti tena, anaenda hivyohivyo. Ikiwa 0.9 anatulia na kushirikiana moja kwa moja. Nikakaa na karatasi nikapiga hesabu, mstari wa kugeukia ni gama ya theluthi mbili, chini ya hapo ule mchezo wa saliti-tubu unalipa kuliko uaminifu. Uchoyo ni uleule, kilichobadilika ni uzito wa kesho tu, na hili naona wanaohubiri ushirikiano huwa wanalisahau.

Ila bado kuna shida, ajenti aliyefunzwa na jino kwa jino peke yake anakuwa mpole kupita kiasi, anashirikiana kwenye kila hali, ukimkutanisha na msaliti sugu ananyonywa mpaka basi kwa sababu hajawahi kuona faida ya kukataa. Dawa yake ni kumchanganyia wapinzani, mara jino kwa jino mara msaliti sugu, bila kumwambia leo anacheza na nani. Hapo alijifunza mwenyewe kuanza vizuri, kuendelea vizuri na aliye mwema, na kufunga mlango akishasalitiwa. Ukiweka wawili wa hivyo pamoja wanashirikiana vizuri tu. Wawili wasiojua chochote ukiwaacha wajifunze kwa pamoja kuanzia sifuri, mara nyingi kwangu waliishia kusalitiana, maana kila mmoja anajifunza kwa mtu ambaye naye anabadilika kila saa. Na ile nafasi ya kubahatisha, yaani ajenti kujaribu kitendo ovyo ili ajifunze, uipunguze taratibu, usaliti mmoja wa bahati mbaya unaweza kuwaharibia wote.

Jambo la mwisho la kuangalia ni mwisho wa mchezo. Nikimwonyesha ajenti namba ya raundi, na anajua zipo kumi, anashirikiana na jino kwa jino mpaka ya tisa afu ya kumi anasaliti, maana hakuna tena wa kumlipizia. Ukifanya mchezo uishe kwa bahati, pasiwe na anayejua lini, tabia hiyo inapotea. Nafikiri ndo maana michezo ya upatu ya kina mama mtaani mingi haina mwisho hasa, mzunguko ukiisha unaanza mwingine na watu walewale, aliyepokea mapema akikimbia anajua mzunguko ujao hayumo.

Sasa hivi nahamia kwenye kundi la watu watano wanaochangia kitu kimoja, na huko jino kwa jino linagoma, kwa sababu ukikataa kuchangia ili umwadhibu mmoja unawaumiza na watatu waliobaki. Elinor Ostrom, aliyepata Nobel ya uchumi 2009, alikuta vijiji vinavyotunza misitu na maji kwa pamoja vina adhabu ndogondogo zinazompata mkosaji mwenyewe, kwa hiyo nimeongeza kitendo cha tatu, kulipa pointi moja ili mwenzako aliyekwepa akatwe tatu, na swali ninalofanyia kazi ni nani atakubali kulipa hiyo moja wakati kila mmoja anasubiri mwingine ailipe.