Saa ya mbao: gia ya pili imekubali kuzunguka wakati wa masika

Imetembea! Kutoka magharibi hadi adhuhuri ya siku ya pili, bila mtu kuigusa, huku mvua ikipiga bati na hewa ya hapa Tanga ikiwa na unyevu wa kulowesha chumvi ndani ya kibakuli. Kiangazi haijawahi kunisumbua. Ni masika ndiyo yaliyokuwa yanaisimamisha, na masika hayahaya leo yameshindwa.

Hesabu ya gia ni ileile niliyoanza nayo: magurudumu mawili makubwa, la meno 64 na la meno 60, kila moja likisukuma gia ndogo ya meno 8; gurudumu la nanga, lile ambalo pendulamu huliachia jino kwa jino, meno 30; moduli 3, yaani kipimo cha ukubwa wa jino; pendulamu ya sekunde, sentimita 99 na ushei. Nilichobadilisha ni jinsi magurudumu mawili makubwa yanavyoundwa, na hapo ndipo akili yangu yote ilipokwenda.

Dalili ilikuwa hivi. Mvua zikianza, mbembeo wa pendulamu unapungua, unarudi, unapungua tena, kila baada ya dakika 3 na sekunde 45. Gurudumu la meno 60 linamaliza mzunguko kwa dakika 7 na nusu, kwa hiyo lilikuwa linakwama mara mbili katika kila mzunguko, sehemu mbili zinazotazamana. Nikalichomoa, nikalipima kwa venia, kile kipimo cha taya cha mafundi: kufuata nyuzi za mbao, milimita 186.0, kukatisha nyuzi, 187.2. Limekuwa yai. Mninga ni mbao tulivu kuliko nyingi ninazozijua, lakini hakuna mbao isiyovimba kukatisha nyuzi, na nafasi niliyoacha kati ya jino na jino ni sehemu ya tatu ya milimita.

Kinachokera zaidi ni kwamba palepale panapovimba ndipo meno yanapokatika. Upande ule nyuzi zinapita jino kwa ubavu, kwa hiyo shina lake halina nguvu yoyote. Nimeokota meno sakafuni mpaka nikachukia kufagia.

Basi nikaunda ukingo wa vipande sita vilivyounganishwa kwa gundi, nyuzi zikifuata mzingo. Duara likatulia kabisa: wiki nzima ya mvua, venia inasoma namba moja pande zote. Lakini sasa nyuzi zilipita kwa ubavu katika karibu kila jino, yakawa yanadondoka popote. Hapo nikaelewa ugomvi wenyewe: duara linataka nyuzi zizunguke, jino linataka nyuzi zisimame. Ubao mmoja hauwezi kuwapa wote wawili.

Jibu lina umri wa miaka 300. John Harrison, yule seremala wa Uingereza aliyekuja kutatua tatizo la longitudo baharini, yaani kujua meli imefika wapi mashariki au magharibi, alianza kwa kutengeneza saa za mbao. Ile ya Brocklesby Park, huko hukohuko Uingereza, ya miaka ya 1720, ina magurudumu ya mwaloni, na meno yake hayakuchongwa kwenye duara lenyewe. Yalikatwa pembeni kwa mafungu, nyuzi zikielekea nje kutoka katikati, kisha yakapachikwa kwenye mfereji wa ukingo. Duara lina nyuzi zake, meno yana zake. Nilipoliona hilo nilisimama, nikatembea hadi ufukweni nikarudi.

Kwa hiyo: ukingo wa vipande sita kama ule wa awali, mfereji wa milimita 6 kuuzunguka, na mafungu 15 ya meno manne manne. Gurudumu la 64 lina mafungu 16. Kati ya fungu na fungu nimeacha upenyo wa unene wa kadi ya mwaliko, kwa sababu mafungu nayo yanavimba kwa ubavu, na yakibanana yataupasua mfereji. Upenyo huo uangukie bondeni, kati ya jino na jino, kamwe usiguse ubavu wa jino. Gundi nimetumia ile ya kuchanganya tyubu mbili. Ile nyeupe ya mbao siiamini tena penye unyevu, hata fundi wa makochi aniapie.

Gia ndogo za meno 8 sikuzigusa. Ni za vijiti: visahani viwili, katikati spoki za baiskeli za milimita 2, kila spoki imevalishwa kipande cha eriali ya redio mbovu, kile cha milimita 3 kwa nje. Kinazunguka chenyewe jino linapokipita, hakitaki mafuta. Harrison naye aliweka vibiringio, vyake vya mti mgumu wenye mafuta ya asili. Ukiona eriali iliyovunjika usiitupe, ina kipenyo cha kila namna.

Na tuseme jambo kuhusu mashine za leza. Wengi wananiambia nipeleke michoro ikakatwe kwenye plaiwudi, nimalize kwa saa moja. Nilifanya hivyo kwa gia za majaribio. Ukingo unatoka umeungua, mkaa unasagika kati ya meno na kuingia kwenye beringi, ukisugua mkaa uishe jino limepungua. Kwa mabango leza ni sawa. Kwa gia nataka msumeno wa uzi, jiliwa imara na tupa ya pembetatu iliyo kali kwelikweli, na tupa kali siku hizi naipata kwa wauza vyuma chakavu kuliko dukani.

Mpango ulikuwa nianze sura ya saa na akrabu. Nimeuweka kando. Kijana wa jirani, mvuvi, aliitazama ikizunguka akauliza kama inaweza kumwambia bamvua, siku maji ya bahari yanapojaa na kupwa kupita kawaida. Inaweza! Gurudumu la meno 59, linalosukumwa jino moja kwa siku, na miezi miwili iliyochorwa juu yake: kila mwezi siku 29 na nusu. Mwezi wenyewe ni siku 29.53, kwa hiyo litatangulia siku moja baada ya miaka miwili na miezi minane hivi, kisha unalirudisha kwa kidole. Mwezi mwandamo na mwezi mpevu vitatiwa alama ya bamvua, robo mbili zitatiwa maji mafu, siku ambazo maji hujaa na kupwa kidogo.

Shida ni kwamba 59 haigawanyiki kwa chochote, bikari haisaidii. Nimekata ukanda wa karatasi wenye urefu wa mzingo, nikaugawa kwa mstari wa mshazari, nikauzungusha kwenye kisahani. Meno 22 tayari yamekatwa.