Beji ya Tajiri Wangu

Nilifika Mahé, kisiwa kikuu cha Ushelisheli, mwanzoni mwa mwaka 2012, katikati ya msimu wa kaskazi, na jambo la kwanza nililofanyiwa katika nchi ile inayosifika kwa ukarimu lilikuwa kuwekwa pembeni. Wazungu niliopanda nao ndege moja kutoka Nairobi walipita mmoja baada ya mwingine kama maji kwenye mfereji, nami nikabaki kwenye benchi na pasi yangu ya kusafiria ikiwa mkononi mwa afisa. Ni kweli kwamba wakati ule Ushelisheli haikumdai mgeni viza na kwamba mtu wa taifa lolote alipewa kibali palepale uwanjani, lakini kibali hicho kilikuwa na masharti yake, na masharti hayo niliulizwa yote bila kurukwa hata moja: tiketi ya kurudi, karatasi ya mahali pa kulala, na mwisho fedha zenyewe. Nilizihesabu dola mbele yake, noti kwa noti, kama mtu anayelipa mahari mbele ya wajomba wa bibi harusi. Aliporidhika alinigongea muhuri wenye umbo la ile nazi kubwa ya kisiwa cha Praslin, ambayo mtu mzima akiiona akiwa na wakwe zake hutazama pembeni.

Safari haikuwa yangu. Mimi ni karani wa mizigo na hesabu katika duka la viungo hapa Unguja, na aliyealikwa kwenye kikao cha wawekezaji kule Mahé alikuwa tajiri wangu, ambaye kwa miaka mingi amekuwa na ndoto ya kuuza karafuu na pilipili manga katika hoteli za visiwa vile. Siku mbili kabla ya kuondoka malaria ilimlaza. Tiketi ya msaidizi wake ilikwisha kulipiwa na haikurudisheka, kwa hiyo aliniita kitandani, akaniambia kwa sauti ya kukwaruza, "Nenda wewe, mwanangu. Sikiliza, andika kila kitu, na usiahidi chochote." Beji iliyoningojea Mahé ilikuwa na jina lake kamili, na chini ya jina hilo neno mwekezaji kwa herufi kubwa. Niliwaeleza waandaaji kwamba mwenyewe ni mgonjwa. Wakanipa pole, wakanivalisha beji hiyohiyo.

Kuhusu bei sitasema mengi, maana nikianza sitamaliza. Chumba cha bei nafuu kuliko vyote nilivyovipata kilikuwa Anse Royale, kusini mwa kisiwa, na hata hicho kiliandikwa bei yake kwa yuro, si kwa rupia, kana kwamba fedha ya nchi ni ya kununulia peremende tu. Kitanda kilikuwa kizuri. Feni ilizunguka kwa zamu, ikichoka inapumzika, nami nikilowa jasho na kuhesabu kichwani kila yuro ni shilingi ngapi za kwetu, zoezi ambalo halimsaidii mtu kulala.

Kilichoniponya ni mwenye nyumba, mama mtu mzima ambaye jirani zake wote walimwita Madanm, neno la heshima la Krioli chao, nami nikamwita hivyohivyo. Jioni ya kwanza aliniletea bakuli, nikafunua, nikakuta shelisheli lililopikwa kwa tui la nazi. Nilicheka peke yangu. Kwetu tunda hili tunalila tangu utotoni, mti wake umesimama nyuma ya nyumba ya bibi yangu, na sikuwahi kujiuliza kwa nini tunda liitwe kwa jina la nchi. Nilipomweleza Madanm kwamba kwa Kiswahili nchi yake na chakula kile vina jina moja, alishika kiuno akacheka mpaka akakaa chini, kisha akaniambia kwamba wao wanasema anayelila shelisheli Ushelisheli lazima arudi tena. Nilimjibu kwamba kwa bei ya chumba chake labda nirudi kwa kuogelea.

Yeye ndiye aliyenifundisha uchumi wa nchi ile kabla sijasikia neno la kiongozi yeyote. Alinihadithia miaka ya kabla ya 2008, dola zilipokuwa adimu kuliko mvua ya kiangazi, mtu anaingia dukani na noti zake na kukuta rafu tupu, hakuna vitunguu, hakuna mafuta ya kupikia, na anayetaka dola anazitafuta uchochoroni. Kisha Oktoba 2008 serikali ikashindwa kulipa riba ya dhamana zake za mkopo za dola milioni 230, Shirika la Fedha la Kimataifa likaitwa, na Novemba rupia ikaachiwa ielee kwenye soko. Ilikuwa rupia 8 kwa dola; katika muda mfupi ikawa karibu 16. Vitu vikarudi dukani, bei zikiwa zimepanda mabegani mwavyo. "Zamani pesa ilikuwapo, vitu havipo," alisema Madanm akikuna nazi. "Sasa vitu vipo." Sentensi hakuimalizia. Mwanawe alikuwa mtumishi wa serikali, akawa miongoni mwa wale waliokubali kupokea kiinua mgongo na kuondoka kazini ili mishahara ya serikali ipungue. Kwa fedha hizo alinunua gari dogo la kubebea mizigo, na mtoto wake, kijana wa miaka kama kumi na miwili, ndiye aliyekuwa akinibebea ndoo ya maji na kuniita Msye, yaani bwana.

Kikao chenyewe kilifanyika katika hoteli moja kaskazini mwa kisiwa, na hapa lazima niende polepole, kwa sababu ndicho nilichotumwa. Sisi tumezoea kumngojea kiongozi saa tatu chini ya turubai, ngoma zikipigwa na watoto wa shule wakizimia kwa jua. Huyu, ambaye cheo chake sitakitaja, alikuja dakika tano kabla ya wakati, bila ving'ora, amebeba makabrasha yake mwenyewe kwapani, akavuta kiti akakaa. Nilidhani ni fundi wa kipaza sauti. Baadaye nilitambua kwamba katika nchi ambayo wakati ule ilikuwa na watu kama 90,000, wasiofika hata nusu ya wakazi wa Wilaya ya Mjini kwetu Unguja, kiongozi hana pa kujificha hata akitaka. Anayemnyima kura leo atakutana naye sokoni kesho akichagua samaki.

Alianza na aibu. Hakutaja fukwe wala kobe, alitaja deni. Alisema waziwazi kwamba nchi ilifilisika, kwamba ilikopa isichoweza kulipa, kwamba mwaka 2009 nchi wadai za Klabu ya Paris zilikubali kuifutia asilimia 45 ya deni lake kwao, na kwamba maharamia wa Kisomali walizidisha kidonda kwa kuwatisha wavuvi na wenye mashua za starehe. Nilimtazama nikamkumbuka mshenga mmoja wa mtaani kwetu, marehemu sasa, aliyekuwa fundi wa kazi ile. Mshenga wa kawaida husifu tu, na wenye nyumba wakamshuku. Yule alikuwa akianza na kasoro za kijana, kwamba ana hasira, kwamba aliwahi kuacha chuo, na akifika kwenye sifa kila mtu amekwisha kumwamini.

Sifa zilifuata kwa wingi. Ardhi ni ndogo, kilomita za mraba 455, lakini bahari yao ni zaidi ya kilomita za mraba milioni 1.3, na kiwanda cha jodari pale Victoria, mji mkuu, ni miongoni mwa vikubwa duniani. Shirika la ndege la Etihad lilikuwa limekubali mwezi uleule wa Januari kuchukua asilimia 40 ya shirika la taifa. Mwanamfalme William na mkewe walikuja fungate Mei 2011, na jambo hili alilitaja mara tatu, kila mara kama aliyelikumbuka ghafla. Mwezi Machi kungekuwa na kanivali ya kimataifa mjini Victoria kwa mara ya pili. Mgeni anayetaka nyumba ya milki alionyeshwa picha za Eden Island, kisiwa kilichotengenezwa kwa kufukia bahari na kuunganishwa na Mahé kwa daraja. Kila kitu kilikuwa na bei yake na ofisi ya kwenda kukiulizia.

Kisha bwana mmoja wa meza ya mbele, ambaye kwa mazungumzo yake alikuwa na mpango wa kujenga majumba ya kifahari katika ghuba fulani ya kusini, aliuliza kama ufukwe wa mbele ya majumba hayo ungeweza kutengwa kwa ajili ya wageni wake tu. Aliuliza kwa upole, kama mtu anayeuliza kama chai ina sukari. Kiongozi, aliyekuwa ametabasamu kwa saa nzima, aliacha kutabasamu. "Hicho hakimo kwenye orodha," alijibu. "Fukwe za nchi hii ni za umma kwa mujibu wa sheria. Jenga unavyotaka nyuma yake, lakini mchanga si wangu hata nikuuzie." Bwana yule akacheka kidogo, akauliza habari za kodi, na kikao kikaendelea.

Niliandika maneno yale nikayapigia mistari miwili. Hayakuhusu karafuu za tajiri wangu hata chembe. Yalinigusa kwa sababu nimekulia pwani ya mashariki, nimevuta majarife na babu yangu mahali ambapo leo nikipita lazima nijieleze kwa mlinzi aliyezaliwa bara ambaye hana kosa lolote ila kazi. Kwetu neno mwekezaji limekuwa kama neno jini: mtoto akiona ukuta mpya huambiwa usipite huko, kwa mwekezaji. Na hapa nchi iliyofilisika juzi, inayohitaji kila dola, ilikuwa imepata ujasiri wa kusema hapana mbele ya watu wenye dola. Nilitamani bwana yule aulize tena ili nisikie jibu mara ya pili.

Wakati wa chakula kiongozi alizunguka meza kwa meza. Aliisoma beji yangu, akanipa mkono, akafurahi kwamba nimetoka kwa jirani zao wa Zanzibar, na akaniuliza kwa unyenyekevu nimefikiria kiasi gani. Mfukoni nilikuwa na dola zilezile za uwanja wa ndege, pungufu ya nauli na chupa mbili za maji. Nikamjibu kwamba bado tunatafakari. Akanipa kadi yenye namba yake ya simu ya mkononi. Samaki alikuwa mtamu na wa bure. Juisi, ambayo nilidhani ni sehemu ya ukarimu, niliitozwa.

Usiku nilimsimulia Madanm habari ya mchanga usiouzwa, nikitarajia ajivune. Alikuwa akianika nguo. "Ni kweli," alisema. "Pwani ni yetu." Akabana kibanio kwenye kamba. "Njia ndiyo yao."

Sikumwelewa mpaka Jumapili. Siku zilizokuwa katikati, moja ya Praslin na mbili za ofisi na fomu, zilipita bila la kusimulia. Jumapili nilimwomba mjukuu wake anipeleke kwenye ufukwe mzuri kuliko yote anayoijua, naye akanipeleka kwa basi kisha kwa miguu, juani, akizungumza njia nzima, mpaka tukafika kwenye geti la hoteli. Mchanga ulionekana kwa chini, kati ya minazi, mweupe kama unga wa muhogo. Barabara pekee ya kuufikia ilipita ndani ya geti. Mlinzi alikuwa kijana mstaarabu, akaniuliza namba ya chumba. Nikamwambia ufukwe ni wa umma kwa mujibu wa sheria. Akakubali kabisa. Akasema ufukwe ni wa umma lakini barabara ni ya hoteli, na leo hoteli imejaa, na asiye na chumba anaweza kupiga simu kesho kuomba nafasi ya chakula cha mchana.

Nilipandwa na hasira ya kipuuzi, na katika hasira ile nikaitoa beji mfukoni, nikamwonyesha. Sijui nilitaka nini. Nadhani nilitaka kumwambia kwamba kiongozi wake mwenyewe ameniahidi. Mlinzi alisoma neno lile la chini, akasimama wima, akafungua geti, akaniambia karibu sana, bwana. Nikapiga hatua tatu. Nilipogeuka nilimwona mlinzi amenyoosha mkono mbele ya mtoto, kwa upole uleule, na mtoto amesimama ametulia kama aliyelitarajia jambo hilo tangu asubuhi. Aliniashiria kwa kichwa: nenda. Nami, naandika hili kwa aibu, nilikwenda. Nilijiambia nitaangalia dakika moja nirudi.

Ufukwe ulikuwa kama ulivyo katika picha zao. Nilikaa chini ya mti wa mtondoo, viatu miguuni, nisijue la kufanya na uzuri ule. Watu wawili walikuwa wamelala kwa mbali. Mhudumu alinijia akaniuliza kama nitapenda kinywaji, nikauliza bei, nikasema baadaye.

Zilipita kama dakika ishirini. Kisha nikaona kwenye mawe makubwa ya kijivu, upande wa kushoto wa ghuba, kichwa, kisha mabega, kisha mtoto mzima akishuka, suruali imelowa mpaka kiunoni, anatabasamu. Ilikuwa siku ya bamvua, maji yamekupwa mbali, na kumbe mawe yale yana njia yake chini ambayo watoto wa pale wanaijua tangu walipojua kutembea. Alikaa kando yangu, akatoa mfukoni vipande vya shelisheli vya kukaanga alivyofungiwa na bibi yake kwenye karatasi, akanigawia. Akaiona beji juu ya mchanga, akaiokota, akaisoma polepole.

"Hili ndilo jina lako, Msye?"

Nikamwambia si langu.

Akaipangusa mchanga, akanirudishia. "Basi turudi kwa mawe," alisema. "Ila vua viatu, na tuharakishe, maji yameanza kujaa."